Chatu wa Katuba aliyekonda, na mama aliyejua namna ya kumlisha

Katika komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, siri ya nyumba haimalizi wiki. Kuta zinagusana, choo ni cha watu wote wa parseli, na watoto wana macho. Ndiyo maana fundi mmoja kijana wa pikipiki alipoachiwa chatu ndani ya kapu, mwishoni mwa Mei mwaka jana, avenyi nzima ilikuwa na habari kabla ya Jumapili.

Kapu lilikuwa la mzee mmoja aliyezoea kuonyesha nyoka sokoni huku akiuza dawa za mgongo. Pikipiki yake ilitengenezwa kwa deni, na siku ya kulipa alisema anaenda Kolwezi kutafuta pesa kwenye machimbo, atarudi baada ya wiki mbili. Aliacha kapu kama rehani. Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita, simu ya mzee haikuita. Deni likageuka kuwa nyoka.

Kijana huyo si mwenyeji wa Katuba. Familia yake ilitoka upande wa Mitwaba, miaka ile ya vita vya Bakata Katanga, katika eneo ambalo watu walianza kuliita pembetatu ya kifo: Mitwaba, Manono, Pweto. Walitembea kwa mguu, wakalala porini, wakafika Lubumbashi mama na watoto wanne, bila kitanda, bila mbuzi, bila karatasi. Leo wanapanga vyumba viwili. Mama anauza makala kwa kopo. Mtu aliyekimbia anajua kitu kimoja ambacho mwenyeji hajui: jina baya likiingia nyumbani, mwenyeji atabaki na nyumba yake, lakini mpangaji atatafuta nyingine.

Na katika muji huu nyoka ni jina baya. Wazee wanakumbuka picha za Mamba Muntu zilizokuwa zikitundikwa sebuleni miaka ya 1970, zile zilizochorwa na wachoraji wa hapa hapa: mwanamke mzuri mwenye mkia wa samaki, nywele ndefu, na nyoka karibu naye. Kila mtu aliyekaa kwenye kiti chini ya picha ile alijua habari yake. Mamba Muntu anatoa utajiri, na utajiri wake una masharti. Kutoka hapo hadi kwenye hadithi za nyoka anayetapika dola chumbani kwa tajiri, njia ni fupi. Kijana alikuwa amenunua simu mpya mwezi wa Aprili, kwa pesa ya kazi yake. Mwezi wa Juni watu wakaanza kuhesabu simu ile upya.

Lakini hofu ya nyoka yenyewe si upumbavu. Kifutu na swila wanaua watu wa mashamba kila mwaka, na mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Chatu hana sumu. Huyu wa Katuba alikuwa na urefu wa mita moja na nusu hivi, bado mtoto, asiyeweza kumeza hata kuku mkubwa. Lakini nani atasimama mlangoni kumweleza kila mpita njia tofauti ya chatu na kifutu? Mwenye nyumba alikuja mwenyewe, akasimama uani bila kuingia, akasema kwa upole kuwa anawapa hadi mwisho wa miezi ya baridi. Wakati huo nyoka awe ameondoka, au wao.

Shida ni kwamba nyoka yule hakuwa na hali ya kwenda popote.

Chatu mwenye afya ni mviringo kama mpira wa baiskeli uliojaa upepo. Huyu alikuwa na pembe tatu. Uti wa mgongo ulisimama juu kama ukuta wa paa, na pande mbili zilishuka zimebonyea. Ngozi ilifanya mikunjo mbavuni, macho yaliingia ndani, vipande vya ngozi ya zamani vilibaki vimeshikamana karibu na mkia, na chini ya magamba ya shingo kulikuwa na kupe. Kijana alimpeleka kwa jirani anayenunua vyuma chakavu, ambaye ana mizani ndogo ya umeme ya kuning'iniza. Huyo jirani alisema ameshapima shaba, aluminiamu na betri, na nyoka hatamshinda. Chatu akatiwa ndani ya mfuko wa unga, akaning'inizwa: gramu 780. Kwa urefu ule, angepaswa kuzidi kilo moja bila shaka yoyote.

Kila mtu alikuwa na shauri moja: mpe kuku. Mnyama amekonda, mnyama ana njaa, mnyama apewe nyama. Kijana akatumia pesa ya siku mbili, akanunua kuku mchanga wa kama gramu 300. Chatu akamkamata mara moja, akambana, akameza. Watoto wa parseli waliokuwa wamekatazwa kutazama walitazama wote. Usiku huo kijana alilala akiwa na furaha.

Siku ya nne chumba kilinuka. Kuku alikuwa nje, mzima, ameoza, na manyoya yamelowa. Chatu alikuwa amelala pembeni mdomo wazi kidogo. Mizani ikasema gramu 740. Alikuwa amekula na akapungua.

Mambo mawili yalikuwa yamefanyika, na yote mawili yana maana kwa watu ambao hawatafuga nyoka maisha yao yote.

La kwanza ni baridi. Lubumbashi iko kwenye urefu wa kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na wa Julai usiku unashuka chini ya digrii 10. Mtu anajifunika, damu yake inabaki na joto lake. Nyoka hana joto lake. Analiazima kwenye jua, kwenye jiwe, kwenye udongo. Bila digrii kama 30 upande mmoja wa mahali anapolala, tumbo lake halifanyi kazi, na nyama iliyo ndani inaoza kabla haijayeyushwa. Mwili unaona sumu inaanza, unaitupa nje. Huko porini chatu mwenye akili angekuwa ndani ya shimo la mnyama wakati huo, amejikunja, hali chochote. Kumpa kuku katikati ya Juni kwenye chumba cha sementi ni kumpa mzigo.

La pili ni njaa yenyewe. Wataalamu waliochunguza chatu wa Burma, ndugu wa huyu wetu, walikuta kwamba nyoka hawa wakikaa bila kula wanapunguza viungo vyao vya ndani. Wakila, utumbo unakua karibu mara mbili kwa siku chache, na moyo wenyewe unaweza kuongezeka hadi asilimia 40 ndani ya siku mbili, ili kubeba kazi ya kuyeyusha chakula. Ni kama kiwanda kinachozima mashine zote kikikosa umeme na kuziwasha pamoja umeme ukirudi. Lakini kuwasha kunahitaji akiba. Chatu aliyekonda hadi mgongo hana akiba hiyo. Mlo mkubwa unamtaka alipe kabla hajapata.

Kijana hakuwa anajua hayo. Aliyeyajua, kwa njia nyingine, ni mama yake.

Mama alikuwa hajamgusa yule nyoka, wala hakutaka jina lake litajwe wakati wa kula. Alipoona kuku ameoza akitolewa ndani ya karai, alinyamaza muda, kisha akamwambia mwanawe maneno ambayo kijana anayarudia hadi leo: “Mutu wa njaa hapewi mingi. Weye ulikuwa mukubwa, unakumbuka namna walimulisha dada yako.”

Dada huyo alikuwa na miaka miwili walipokimbia. Walipofika kwenye kituo cha lishe, muuguzi alimzungushia mkononi ule mkanda wa rangi ambao mama wengi waliokimbia wanaujua kuliko wanavyojua kitambulisho. Chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu. Mtoto alikuwa kwenye nyekundu. Mama alitegemea watampa chakula. Badala yake walimpa maziwa mepesi kwenye kikombe, kidogo, na baada ya saa tatu tena kidogo, mchana na usiku. Mama alilia, akadhani wanamnyima kwa sababu hawana pesa. Usiku alikoroga bukari kwa siri. Muuguzi akamkuta, hakumpigia kelele, akakaa chini na kumweleza.

Maziwa yale yanaitwa F-75, kwa sababu yana kalori 75 katika kila mililita 100. Hayakutengenezwa kunenepesha. Kazi yake ni kuutuliza mwili: sukari irudi, joto lirudi, chumvi za damu zikae sawa. Mwili uliokaa na njaa ndefu umeshatumia madini yake ya ndani. Ukiujaza chakula ghafla, unayavuta madini machache yaliyobaki kwenye damu ili ufanye kazi ya chakula kile, na moyo unaweza kusimama. Hivyo ndivyo ilivyotokea Ulaya, Aprili mwaka 1945, askari wa Uingereza walipofungua kambi ya Bergen-Belsen: kati ya wafungwa waliokuwa mifupa mitupu, wapo waliokufa baada ya kula vyakula vizito walivyopewa kwa huruma. Ndiyo sababu mtoto akishatulia, akianza kutaka kula mwenyewe, ndipo anapandishwa kwenye F-100, au kwenye ile pakiti ya siagi ya karanga ambayo kila kambi inaiita Plumpy, iliyobuniwa na Wafaransa mwaka 1996. Kwanza kutuliza, baadaye kunenepesha. Mtoto yule sasa ni msichana wa shule na anamshinda kaka yake kwa kubishana.

Nyoka si mtoto, na hakuna atakayempa chatu maziwa. Lakini ule mpangilio ulikuwa uleule, na mama alikuwa ameushika kichwani miaka yote hiyo. Akamwambia mwanawe amuulize mtu aliyesoma.

Lubumbashi haikosi watu hao. Chuo Kikuu kina fakulte ya utabibu wa wanyama, na madaktari waliotoka pale wanatibu ng'ombe, mbwa na kuku wa muji mzima. Daktari kijana aliyekubali kumtazama chatu alianza kwa kucheka, kisha akavaa glavu. Alimfungua mdomo kwa ubao laini, akatazama kama kuna usaha kwenye fizi. Hakukuwa na usaha. Alitoa kupe mmoja mmoja kwa kibano. Akaomba aletewe kinyesi siku kitakapopatikana. Na akatoa agizo ambalo lilimshangaza kijana: siku kumi bila chakula. Joto na maji tu.

Joto, katika Katuba, ni neno rahisi kusema. Taa ya kupasha ingekuwa jibu kama umeme wa SNEL ungekuwa wa kutegemea, na kila msikilizaji anajua saa ngapi kartie yake inakaa gizani. Kijana alipata boksi jeupe la povu, lile linalobebea samaki wa baridi, akalitoboa matundu ya hewa, akalilaza ndani ya sanduku la mbao lenye kifuniko cha kufunga. Upande mmoja aliweka chupa mbili za plastiki za maji ya moto zilizofungwa kwa kitenge kilichochakaa, ili nyoka asiungue, na upande wa pili hakuweka kitu, ili akiona joto limezidi ahamie huko. Aliweka kipimajoto kidogo cha ukutani. Chupa zilibadilishwa saa tatu usiku, saa saba usiku na saa kumi na moja alfajiri. Maji yalichemshiwa kwenye mbabula ya mama, kwa makala ya mama, na hapo ndipo watu wa nyumba ile walipoanza kugawana zamu, kwa sababu fundi anayelala saa mbili atakata waya usiohusika.

Kuna jirani aliyependekeza mbabula iingizwe chumbani ikae karibu na sanduku. Mama alikataa. Alikuwa na haki, na ni jambo la kurudiwa kila mwaka baridi inapoanza: makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa hewa isiyo na harufu wala rangi, na hewa hiyo inaua watu usingizini. Nyoka au mtoto, mbabula inabaki nje.

Maji yalikuwa kazi ya asubuhi. Karai lenye maji ya uvuguvugu, kina kisichozidi nusu ya unene wa nyoka, dakika ishirini, mtu akiwa amekaa hapo bila kuondoka. Siku ya kwanza chatu hakusogea. Siku ya tatu aliinamisha kichwa akanywa, na koo lake likaonekana likivuta, likivuta, kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotegemea. Siku ya sita ile ngozi ya zamani ya mkiani ililegea yenyewe. Karai lile liliwekewa alama ya rangi nyekundu, lisitumike kwa kitu kingine, na kila aliyemgusa nyoka alinawa kwa sabuni. Daktari alisisitiza hilo sana: nyoka, kobe na kenge wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela bila kuumwa wao wenyewe, na mtoto mdogo akivipata anaharisha vibaya. Watoto wa chini ya miaka mitano hawakuruhusiwa kabisa kufika kwenye sanduku.

Baada ya siku ya kumi, mizani: gramu 760. Bila chakula, kwa maji tu, alikuwa amepanda. Macho hayakuwa tena ndani. Kinyesi kilipatikana, kikaenda kwa daktari ndani ya chupa ya dawa, na hadubini ikaonyesha mayai ya minyoo. Dawa ilipimwa kwa uzito wa mnyama, matone machache, na tone moja zaidi lingekuwa hatari. Ni kosa la wafugaji wengi kukadiria kwa macho kipimo cha dawa ya ng'ombe na kumpa mnyama wa nusu kilo.

Kisha mlo wa kwanza. Panya mmoja mdogo wa gramu 30 hivi. Si panya wa nyumbani, kwa sababu muji umejaa sumu ya panya inayouzwa kwa vifuko barabarani, na panya aliyekula sumu anaibeba tumboni mwake. Alinunuliwa kwa mtu anayewafuga. Aliuawa kwanza, akapashwa joto kwenye maji, akashikwa kwa koleo mbele ya chatu. Wanaotaka kuona nyoka akiwinda hawapendi jambo hili, lakini panya hai mwenye meno anaweza kumtafuna nyoka dhaifu hadi mfupa. Chatu alitoa ulimi mara nyingi. Dakika kumi na tano. Halafu akachukua.

Siku tatu hakuna aliyeruhusiwa kumgusa. Siku nne, chumba hakikunuka. Siku ya tano mama aliuliza mwenyewe, bila kuulizwa: “Haiyatapika?” Haikuwa imetapika.

Kutoka hapo ni hesabu ya pole pole, na haina mengi ya kusimulia. Kila baada ya siku kumi, kifaranga cha siku moja cha gramu 40, kutoka kwa watu wanaototolesha vifaranga na kuuza madume kwa bei ndogo. Mwisho wa Julai, kitu cha gramu 70. Mwezi wa Agosti baridi ilipovunjika, gramu 90 kila siku nane. Kamwe hakupewa milo miwili kwa kuwa ameonekana na hamu. Hamu haikuwa kipimo. Alikuwa na hamu pia siku ile ya kuku.

Maneno ya majirani yalibadilika katikati ya hayo yote. La nyoka wa dola lilichoka lenyewe, maana familia iliendelea kukopa chumvi kama zamani. Lililobaki lilikuwa zito zaidi. Mwanamke mmoja wa parseli, naye aliyekimbia, alisema mbele ya bomba la maji: nyoka anakula kifaranga, na watoto wanakula sombe bila samaki. Neno hilo liliuma kwa sababu ni kweli. Afadhali hilo kuliko la uchawi. Uchawi hauna jibu, lakini swali la nani anakula nyama katika nyumba ya maskini lina haki ya kujibiwa. Jibu la kijana lilikuwa kwamba kifaranga kinatoka kwenye pesa yake ya chakula cha mchana kazini, na siku ya kifaranga yeye anakunywa chai tu. Si kila mtu aliridhika. Mama hakumtetea. Alisema tu kwamba mnyama aliyeachwa na mwenyewe mlangoni pako hukumuita, lakini ameshafika.

Waliokimbia wanalielewa neno hilo bila kufafanuliwa.

Sehemu nyingine ambako Kiswahili kinazungumzwa, kufuga nyoka ni kazi yenye heshima yake. Karibu na Mwanza, Wasukuma wana vikundi vya ngoma vinavyocheza na chatu mbele ya umati, na makumbusho ya Bujora yanawaonyesha wageni urithi huo. Watamu, kwenye pwani ya Kenya, kuna shamba la nyoka la Bio-Ken lililoanzishwa na James Ashe mwaka 1980, na huko Meserani, karibu na Arusha, hifadhi ya nyoka ina zahanati inayotibu walioumwa. Lubumbashi haina kitu kama hicho. Ina mfano wa namna nyingine: kituo cha J.A.C.K. kilichoanza mwaka 2006 kwa ajili ya sokwe wadogo walionyang'anywa wauzaji, yatima ambao mama zao waliuawa porini. Anayefanya kazi ya namna hiyo anajua kuwa siku ya kumwokoa mnyama ni siku nyepesi. Miezi inayofuata ndiyo kazi.

Na kuna sheria. Sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda viumbe wa pori wa Kongo, na chatu wako kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ambao unasimamia biashara ya wanyama hao kati ya nchi na nchi. Kumtoa chatu porini ili kumfanya pambo la nyumba au chombo cha soko si mchezo usio na gharama. Kijana hakumtoa porini, lakini yuko naye. Daktari alimwambia wazi: mponye, halafu tuzungumze na wenye kazi ya mazingira kuhusu mahali atakapokwenda. Kumwachia tu kichakani nje ya muji si huruma. Anaweza kupeleka minyoo kwa wenzake wa huko, na mkulima wa kwanza atakayekutana naye ana panga.

Mwenye nyumba alirudi Septemba, kama alivyoahidi. Safari hii aliingia ndani. Alisimama mbele ya sanduku mikono nyuma, akatazama muda mrefu, akauliza kama kweli huyu ndiye yule aliyekuwa mifupa. Aliposikia kuwa daktari anafuata jambo hilo, alisema atasubiri mvua. Hakusema kama baada ya mvua ataongeza muda au hapana, na hakuna aliyemuuliza.

Katikati ya Oktoba simu iliita kutoka Kolwezi. Yule mzee wa dawa za mgongo. Alikuwa amesikia, sijui kwa nani, kuwa nyoka wake amenona. Alitaka kumrudia, maana soko la Kolwezi lina watu wengi, na nyoka aliyekonda hawashangazi. Alisema ataleta pesa ya pikipiki yote, na kidogo juu yake. Kwa nyumba ile, pesa hiyo ni kodi ya mwezi na nusu.

Kijana alisema atajibu. Alikaa na simu mkononi hadi mama alipomaliza kuhesabu makopo ya makala. Mama hakusema mrudishie wala usimrudishie. Aliuliza swali moja tu: huko Kolwezi, nani atabadilisha chupa saa saba ya usiku?

Mzee amepiga tena mara mbili. Daktari ameandika barua, na majibu hayajafika. Mvua ya kwanza ilinyesha wiki hiyo juu ya mabati ya Katuba, na sanduku likahamishwa mahali pasipovuja. Kwenye daftari la shule ambamo uzito unaandikwa, na ambalo tangu Agosti linaandikwa na yule dada, mstari wa mwisho unasema: tarehe 26 Oktoba, kilo 1 na gramu 140, amekula panya mmoja, hakutapika.